Kobe Aliyekula Mkononi mwa Feza

Kobe wa majini hali mkate. Naanza na hilo kwa sababu wiki yangu ya mwisho, kabla sijakabidhi funguo, nilimkuta mmoja wenu akimmegea kobe mkate wenye siagi, kobe akaumeza, na wote wawili wakaonekana kuridhika. Kobe atameza chochote. Atameza biskuti, atameza posho, atameza na kipande cha sabuni ukimtupia. Mmeniomba niandike habari za miaka yangu katika chumba cha wanyama, na nadhani mlitegemea mambo ya vyeo. Hayo yapo kwenye faili, nendeni mkasome. Mimi nitaandika habari za chakula cha kobe, na za mwanamke mmoja aliyekijua kunishinda.

Niliingia kazini katika chuo chetu, upande ule wa Kyambogo, mwaka ambao Wahindi walifukuzwa nchini. Baba yangu alikuwa koplo wa polisi, mtu wa Arua. Tulikaa kambini Ntinda, na Kiswahili ndiyo lugha niliyokulia. Chumba kilikuwa na sungura, panya weupe, vyura, na kobe wawili ambao wanafunzi wa ualimu waliwachora kila muhula. Kabla miezi mitatu haijaisha kobe walikuwa tisa, maana familia zilizokuwa zikifunga mizigo zilituletea wanyama wao. Mama mmoja alinikabidhi kobe ndani ya sufuria, akaniambia jina lake, akarudi kwenye gari bila kugeuka. Jina lile nimelisahau, na mpaka leo linanisumbua.

Mkubwa wangu alikuwa mzee tuliyemwita Ssalongo, kama Waganda wanavyomwita baba wa mapacha. Siku ya kwanza alinipa kisu kidogo na fungu la dodo, yaani mchicha wetu wa huku, akaniambia nikatekate. Nikakata vizuri, nyembamba, kama nilivyofundishwa jikoni kwa mama. Akalitazama beseni, akatazama uso wangu.

"Nnyabo, unapikia nani?" akaniuliza, akiniita bibi kwa Kiganda. "Kobe hana mchuzi. Achana yeye arale mwenyewe."

Nilidhani amesema alale. Alimaanisha ararue, maana ulimi wake wa Kiganda ulichanganya r na l. Basi, nilijifunza. Jani lipewe kobe likiwa zima, ashindane nalo, ndiyo mazoezi yake. Chakula cha siku kisizidi ukubwa wa kichwa chake mwenyewe, nanyi mnaopima kwa kiganja chenu ndio mnaojaza maji uozo. Alishwe ndani ya beseni la pembeni, si katika birika analokaa, tena ndani ya maji, kwa sababu kobe wa majini hawezi kumeza akiwa pakavu. Mdogo apewe samaki na minyoo zaidi, mkubwa apewe majani zaidi. Maganda ya mayai yakaushwe, yasagwe, yanyunyizwe. Papai kipande kimoja kwa wiki, hiyo ndiyo peremende yake. Na kila Jumatatu bonyeza gamba kwa kidole gumba: likibonyea, umelala kazini.

Wadudu tuliwapa pia, ila panzi hapana. Ssalongo alikuwa wa ukoo wa Nsenene, na nsenene, wale panzi wa kijani wanaoshuka kwa makundi wakati wa mvua za mwisho wa mwaka, ndio muziro wake. Mtu wa ukoo ule hawali, hawaui, na hapendi kuwaona wakiuawa. Mji mzima ukiwakaanga na kuwatafuna, yeye alivuka barabara kuwakwepa wauzaji. Katika chumba chake hakuna nsenene aliyeingia kuwa chakula cha mtu wala cha mnyama. Halikuandikwa popote, lakini nililijua tangu wiki ya kwanza.

Kwa miaka mitatu nilikuwa mimi na yeye tu. Ssalongo hakuwa mtu wa kusifu. Kazi ikimpendeza alisema "kale", yaani haya, basi, na akaendelea na yake. Nilikuwa nakwenda nyumbani na ile kale moja nimeibeba kifuani siku nzima. Msicheke, nanyi mna zenu.

Halafu akaja Feza. Alikuwa Mkongo, mkimbizi kutoka upande wa Uvira, anauza mboga langoni kwetu. Ssalongo alinunua kwake kwa muda, akagundua kwamba majani yake yamechambuliwa: laini kwa sungura, magumu kwa kobe, yenye vidoa vya dawa ametupa. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amechungulia dirishani akaona nani anakula nini. Ssalongo akamwombea kazi ya usafi, na baada ya mwezi mmoja usafi nikawa naufanya mimi, Feza anashika majani.

Tulikuwa na kobe mmoja mzee, mkali, tuliyemwita Hakimu. Miaka mitatu nilimlisha, na miaka mitatu alikuwa akirudisha kichwa ndani kila akiona mkono wangu. Siku ya nne ya Feza nilimkuta amechuchumaa kando ya beseni, mkono ndani ya maji, kimya. Hakimu akatoka, akanyoosha shingo, akachukua dagaa kutoka katikati ya vidole vyake.

"Dada, haiko mukali," akaniambia kwa sauti ya chini. "Iko naogopa tu. Unatiaka mukono na haraka. Tia, halafu sahau kama iko mukono yako."

Ssalongo alikuwa mlangoni. Akasema, "Kale, kale." Mara mbili. Nilihesabu.

Nitasema wazi, maana nimestaafu na hakuna wa kunikemea. Nilimwonea wivu Feza kiasi cha kushindwa kula mchana. Nilichukia jinsi alivyofunga kitambaa. Nilichukia kwamba alikuwa mpole kwangu, kwa sababu ingekuwa nafuu angekuwa na maringo. Nilijaribu kutia mkono majini na kuusahau, na mtu hawezi kusahau mkono ambao moyo wake wote uko kwenye ncha za vidole. Hakimu alijua.

Mwaka uliofuata, mvua za mwisho wa mwaka zikikaribia, likaja gari la jeshi. Kapteni mmoja akashuka na karai, ndani yake kobe mdogo wa binti yake. Macho ya kobe yalikuwa yamevimba na kufunga, na gamba nilipoligusa lilibonyea kama ganda la ndizi. Ssalongo akauliza kwa heshima alikuwa akila nini. Mkate, akasema kapteni, na biskuti, na nyama laini ya ng'ombe, vyote vizuri, vya mesi ya maafisa. Wakati ule sisi wenyewe biskuti tulikuwa tunaziona madukani kwa kumbukumbu tu.

"Mutoto nalia kila siku," akasema. "Mimi nakwenda safari, mwezi moja. Narudi, nataka kuona yeye nafungua macho, nakula. Kama yeye nakufa, mzee, wewe takuja kwetu, taeleza mimi."

Alisema bila kupandisha sauti. Miaka ile watu walikuwa wakiitwa kwenda kueleza jambo dogo, na viatu vyao vikabaki nyumbani chini ya kitanda. Ssalongo alikuwa na watoto wanane. Gari lilipoondoka aliketi kwenye gunia la pumba, kisha akainuka na karai. Alipita mbele yangu nikiwa nimeshanyoosha mikono. Akampa Feza.

"Wewe," akamwambia. "Huyu ni wako."

Sikuwaza habari za watoto wanane. Niliwaza kwamba nimepitwa.

Feza alifanya kazi yake, na nitawaeleza ilivyokuwa ili mjifunze. Kwanza hakumpa chakula kabisa. Alimloweka katika maji ya uvuguvugu asubuhi, akamweka juani kwenye kigae, akamrudisha. Siku ya tatu akakwangua boga bichi la njano, laini kama unga, akalichanganya na maji aliyochemshia mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, bila chumvi. Kobe haoni lakini ananusa. Akala kidogo. Baadaye akampa mukene mzima, kichwa na mifupa, kwa ajili ya gamba. Alikwenda mwenyewe Port Bell kuchuma majani yanayoelea ufukweni na kuokota konokono wadogo, akawaponda pamoja na magamba yao. Wiki ya pili jicho moja likafunguka. Wiki ya tatu la pili. Kitu cha kwanza yule kobe alichokitazama vizuri kilikuwa kidole cha Feza.

Ssalongo alianza kuimba akifanya kazi, nami sikuwahi kumsikia akiimba.

Ndipo nsenene wakashuka. Jioni wanawake waliwauza kando ya barabara ya Ntinda, wamekwisha kaangwa na kitunguu na chumvi. Nilinunua kikopo kimoja, nikala nusu njiani, na nusu nikaifunga kwenye jani la mgomba. Kesho yake Feza alikuwa Port Bell na Ssalongo ofisini. Nikamtilia kobe wa kapteni nsenene mmoja majini.

Alimrukia. Narudia, kobe alimrukia, akanyoosha shingo kutafuta mwingine, na wa pili akamchukua mkononi mwangu. Mkononi mwangu mimi. Nilihisi ulimi wake mdogo kwenye kidole changu, na machozi yakanitoka. Nilijua kaanga na chumvi si vya kobe. Nilijua muziro wa Ssalongo. Yote niliyajua, na kesho yake nikaleta wengine, na kesho kutwa.

Siku ya tano kobe alikataa boga. Feza akamletea mukene, akageuza kichwa. Akamletea konokono, akasubiri, na kobe akawa anatazama mlangoni, upande ambao mimi nilikuwa nikiingilia. Aibu yake ni kwamba nilifurahi. Siku ya saba hakumtazama mtu yeyote. Alielea kwa upande mmoja, na macho yakaanza kuvimba upya. Zilikuwa zimebaki siku tisa kapteni arudi.

Ssalongo alipobadilisha maji ya beseni akaona kitu chini. Kilikuwa kichwa cha nsenene, chenye mafuta bado. Aliliweka beseni mezani mbele yetu.

"Nani ameleta hii humu?" akauliza.

Hakunitazama mimi. Kwa nini anitazame? Mimi nilikuwa najua. Mgeni ndiye asiyejua koo za watu. Akamtazama Feza, na Feza akatazama kile kichwa, kisha akatazama mikono yangu, ambayo bila shaka ilinuka kitunguu.

"Hapana miye, Papa," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, nikaitumia kufuta meza. Ssalongo akamhamishia Feza chumba cha sungura, pale pembeni, akaniletea karai.

"Sasa huyu ni wako," akaniambia. "Ukweri, nnyabo, sasa na mimi niko mikononi mwako."

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Nikafanya kila alichofanya Feza, maji, jua, boga, na kobe hakula. Siku mbili, siku tatu. Ssalongo aliacha kuimba, akaanza kunieleza mambo yasiyo na haraka: ufunguo wa stoo ya nyuma uko wapi, nani wa kumjulisha mke wake. Alipotaja mke wake ndipo nikakwenda chumba cha sungura.

Feza alikuwa akifagia. Nikamwambia yote, hata machozi niliyotoa kobe aliponigusa. Hakusimamisha ufagio mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," akasema. "Utamwambia Papa?"

"Nitamwambia. Kobe akipona nitamwambia."

"Ambia yee sasa."

"Nikimwambia sasa atanifukuza, na nani atamshika kobe? Wewe amekuzuia kumgusa."

Lilikuwa jibu la mwoga, lakini lilisikika kama hesabu nzuri. Akaegemeza ufagio ukutani. Akaniambia kosa langu liko wapi: kobe bado ana chumvi mwilini, na mimi namwekea chakula kutwa nzima mbele ya pua, ndiyo maana anakichukia. Siku tatu asione chakula. Maji safi ya uvuguvugu mara nne, si mara moja. Halafu unampa mukene mmoja tu, unaondoka, usisimame kumtazama kama mtu anayedai kupendwa. Kila mchana alikuja dirishani, akaangalia ndani ya karai bila kuvuka kizingiti, akanielekeza kwa kidole. Ssalongo aliona, akatuacha.

Siku moja kabla ya kapteni kurudi, kobe alikula mukene. Nilikuwa nimempa mgongo, nikasikia maji yakitikisika.

Kapteni alikuja asubuhi. Tukamwonyesha kobe macho wazi, tukamtilia jani, akalirarua. Kapteni akainama karibu kabisa, na uso wake ukawa uso wa baba yeyote yule. Akanyooka.

"Muzuri sana. Nani naponesha?"

Ssalongo akaweka mkono begani kwangu. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. "Huyu binti yangu, afande. Zaituni."

Miaka minne nilikuwa nimeungoja mkono ule. Mlangoni kwa sungura Feza alikuwa amesimama na kapu la majani, akisikiliza, na nilijua ndiyo nafasi yangu ya kusema. Nikainyamazia. Nilikuwa bado nauonja ule mkono.

"Basi yeye takwenda na mimi," akasema kapteni. "Takaa kwangu, taangalia kobe ya mutoto. Leo."

Mkono wa Ssalongo ukawa mzito begani. Msichana aliyekwenda kukaa nyumbani kwa afisa miaka ile hakuwa na wa kumuuliza atarudi lini. Hapo ndipo mdomo wangu ukafunguka, wenyewe, haraka.

"Si mimi, afande. Aliyemponya ni yule," nikasema, nikamwonyesha Feza kwa kidole. "Mimi kobe hali mkononi mwangu. Yeye ndiye anayejua."

Ukiwaacha nsenene, kila neno lilikuwa kweli. Nilikuwa nimemnyima haki yake zaidi ya wiki nzima, na nilipompa nilimpa kwa namna hiyo.

Feza hakushangaa. Aliweka kapu chini, akanawa mikono kwenye bomba, kama tulivyonawa kila mara kabla ya kumshika kobe, akachukua karai kwa mikono miwili. Alipopita mbele yangu akasema, "Dada, ile sungura nyeupe haijakula bado." Akapanda gari. Walipokuwa wakigeuza niliwaona dirishani: karai mapajani mwake, mkono wake ndani ya maji, na yule kobe amenyoosha shingo yote kuufuata. Mungu anisamehe. Sikuhisi hofu kwanza, wala aibu. Nilihisi wivu.

Jioni ile nilimwambia Ssalongo habari za nsenene.

"Ulijua ni muziro wangu?"

"Nilijua."

"Na ulijua atakuchukua wewe, ndiyo ukamtaja yule?"

"Ndiyo, Mzee."

Akachukua kisu akaendelea kuchambua dodo. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi, akanifundisha kila alichojua bila kuficha, na hakuniita binti yake tena.

Serikali ile ilipoanguka nilikwenda kwenye nyumba ya kapteni. Lango lilikuwa wazi na ndani hapana hata kiti. Jirani mmoja, mama muuza mkaa, akaniambia hao watu walikimbia na lori. Nikamuuliza habari za Mkongo. "Yule wa kobe?" akasema. "Huyo aliondoka mbere yao, zamani. Asubuhi moja nilimwona anashuka njia ya Port Bell na karai kichwani." Zaidi ya hapo hakuna aliyenipa habari, na nimeuliza miaka mingi, kila Mkongo niliyekutana naye, sokoni na kanisani.

Utaratibu wa kulisha mlioukuta ukutani, ulioandikwa jina langu juu, ule wa boga na mukene na siku tatu za kukaa bila chakula, ni wa Feza. Futeni jina langu, muandike lake. Nimestahimili kulisoma hapo kila asubuhi kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu.

Nikifikiria kwamba huenda yuko hai mahali, mzee kama mimi, namshukuru Mungu kwa moyo wote. Halafu nakumbuka kwamba kobe huishi sana. Huenda na yule bado yupo, na asubuhi hii amenyoosha shingo kwenye mkono wa Feza, na mimi hanijui kabisa. Basi roho inanichoma vilevile, na chakula cha mchana kinanishinda.